Kidonge cha Jioni

6 Januari

Kwa mpwa wangu, Bibi Dawa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ni nyingi, zikikukuta umesimama zitakuchosha. Huku tu wazima. Mama yako mzima, mimi mzima, hata paa la jikoni ni zima tangu nilipolipigilia misumari mwenyewe, ingawa fundi mmoja alipita akasema ile ni kazi ya mtu aliyekuwa amekasirika.

Mama yako hana nafasi ya kuumwa. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na kila mzazi wa mtaa huu amekumbuka leo kwamba mtoto wake amekua. Chumba cha mbele hakipitiki, ni sketi na kaptula za bluu mpaka dirishani. Cherehani inalia toka alfajiri. Nikimwambia apumzike ananiuliza kama nimewahi kuona lori limepumzika katikati ya mlima. Maneno hayo nilimfundisha mimi, kwa hiyo namletea chai tu, naondoka.

Na mimi mambo yangu mazuri. Shule ya udereva inanitegemea. Walimu tupo watatu, lakini mwenye shule akitaka mtu afaulu kweli anamleta kwa Kilomita. Juzi nimepewa mke wa mwenye mashine ya kusaga, mama mwoga ajabu, anafumba macho kila akibadili gia. Kwa siku nne nimemfanya arudi nyuma kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Akalia kwa furaha. Nikamwambia, mama, futa machozi, dereva halii njiani, anasubiri afike.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejifungia chooni, maana mama yako anausoma uso wangu kuliko gazeti. Ndiyo sababu nakuandikia, sikupigii. Nyumba ni vyumba viwili na ukuta wa mbao. Nikisema "haloo" tu, yeye ameshajua nasema na nani na habari gani.

Umesema vidonge vyake vya kifafa vimepanda bei tena, na sasa vinakula theluthi ya mshahara wako. Halafu ukaandika, "nitajitahidi." Neno hilo silipendi. Mtu akiniandikia atajitahidi najua ameshaanza kulala na njaa.

Basi msikilize mjomba wako. Miaka yote umetuma dozi ya miezi mitatu. Kuanzia sasa tuma ya miezi miwili, mwezi wa tatu niachie mimi. Kuna duka la dawa jipya karibu na kituo cha mabasi, mwenye duka ananiamkia kabla sijamfikia. Mimi nimevuka mipaka tisa, siku tulipokwama kwenye mafuriko nililisha matingo kumi na wanne kwa mfuko wangu, leo nishindwe na vidonge sitini vya dada yangu? Usinichekeshe mbavu ziniume.

Mama yako asijue. Akijua atasema anatufilisi, kisha ataanza kushona bila kulala.

Ni mimi mjomba wako,
Kilomita


2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika, nimecheka, na mama wa mapipa mpe hongera zangu. Mimi sijambo. Kazini hatujambo, ila tumechoka: mwenye duka amenunua makabati mapya, na siku mbili nzima nimekuwa nikihamisha dawa kutoka droo za zamani.

Nikufahamishe jambo. Hapa dukani bei ikipanda hatubandui karatasi ya zamani. Tunabandika mpya juu yake, basi. Droo ya vidonge vya mama ilikuwa na karatasi nyingi hadi zimekuwa ngumu kama kadi ya harusi. Nilikaa chini nikazibandua moja moja kwa wembe. Ishirini na tatu. Ya chini kabisa ina mwandiko wa yule mfamasia mzee aliyenifundisha kazi, na wino wake umegeuka kahawia. Ilibandikwa kabla sijazaliwa. Pesa iliyoandikwa pale ilikuwa bei ya vidonge mia moja. Leo ningepata vinne.

Na kidonge ni kilekile, mjomba. Weupe uleule, mstari uleule katikati, herufi zilezile mbili zilizogandamizwa mgongoni. Nilimuuliza mwenye duka kwa nini. Akasema niulize muuzaji wa jumla. Wa jumla alipokuja na gari lake akasema niulize mwagizaji. Mwagizaji anasema ni kiwanda. Kiwanda sina namba yake.

Kwenye mzigo huu wa basi kuna vidonge mia na ishirini, vya miezi miwili. Asante kwa kunipokea mwezi wa tatu. Sikujua nitakwambiaje, na wewe umesema mwenyewe.

Lakini una uhakika? Bei ya huko kwenu inaweza kuwa juu kuliko ya hapa. Ukiona ni nzito, sema, sitakucheka. Na kumbuka: viwili kwa siku, asubuhi kimoja na jioni kimoja, hata siku akiwa mzima wa kucheza ngoma. Hasa siku hizo.

Mwambie mama aniandikie mwenyewe. Nina hamu na mwandiko wake.

Mpwa wako


19 Machi

Bibi Dawa, marahaba, tena marahaba mbili kwa kuchelewa.

Usinihesabie siku. Kazi zimenibana, kila mtu anataka kujifunza gari. Mke wa mwenye mashine amefaulu mtihani. Alipopewa leseni alimwambia askari kwamba amefundishwa na mtu aliyewahi kupita daraja lenye upana wa lori lake na kidole kimoja. Kidole kimoja kila upande, nilimsahihisha, tusizidishe mambo.

Hizo karatasi zako zimenitoa usingizi. Wewe umeziona kwa wembe, mimi nimezipita kwa gurudumu. Mama yako alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanguka mara ya kwanza, uwanjani shuleni, mbele ya watoto wote. Mimi nilikuwa na kumi na minane, tingo wa lori la saruji, shule nimeiacha, yenyewe haikuniacha. Daktari akaandika karatasi. Dawa haikuwepo huku, ikabidi mimi niifuate mjini na lori. Mfamasia akanipa kopo la vidonge mia. Unajua nililipa nini? Bei ya mche mmoja wa sabuni. Chenji nikanunua karanga nikala njia nzima, naimba.

Miaka ikaenda. Kopo likafikia bei ya kuku. Kuku akawa jozi ya viatu vya mtumba, viatu vikawa shati jipya na tai yake. Ulipozaliwa wewe ilikuwa bei ya godoro, nakumbuka kwa sababu godoro nililiacha dukani nikachukua dawa, ukalala kwenye mkeka mpaka ukaota meno. Sasa dozi ya mwezi mmoja ni mifuko mitano ya saruji. Watu wanasema maisha yamepanda kwa kila kitu. Sikatai, hata sabuni imepanda. Lakini sabuni imepanda kwa ngazi, dawa imepanda kwa lifti.

Ule mwezi wa tatu usiufikirie, nimeshaupanga. Kila kitu kiko kwenye mstari.

Mama yako anakusalimu sana. Angeandika mwenyewe ila mkono wake umechoka. Ni pasi tu. Aligusa pasi ya mkaa kidogo, kiganja kikapata joto. Kazi ya nguo ndiyo ilivyo. Anashona kwa taratibu.

Usiwe na wasiwasi.
Mjomba wako, Kilomita


24 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mko salama wote wawili. Hapa mvua imeanza, duka limejaa watoto wenye kifua. Kuna mwalimu mstaafu anayekuja kila siku saa nne. Ana shinikizo la damu. Zamani alinunua pakiti, kisha nusu pakiti. Sasa anasema, "Nipe ya leo tu, binti, kesho ikija tutaonana nayo." Namkatia kidonge kimoja kwa mkasi, anakitia kwenye mfuko wa shati, anaondoka kwa adabu zote. Jana hakuja.

Nakuuliza mambo matatu, na nakuomba unijibu kwa utaratibu huu huu.

La kwanza. Mama ameshika pasi miaka thelathini. Aliigusaje?

La pili. Ile dawa uliyonunua pale kituoni ni ya kiwanda gani? Niandikie yote yaliyoandikwa kwenye boksi, hata usiyoyaelewa.

La tatu. Fungua kopo la mama, umwage vidonge mezani, uvihesabu, uniandikie idadi na tarehe.

Nakutumia mia na ishirini vingine. Bei imepanda tena kidogo mwezi huu. Sikuambii kwa kulalamika.

Mpwa wako


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sijapata barua. Nimepiga simu mara nne, mama anapokea, anasema hajambo, anasema wewe umetoka. Siku zote nne umetoka? Dereva wa basi ameniambia mzigo alikukabidhi mkononi, na kwamba hukumtania hata kidogo. Hilo ndilo limenitisha.

Niandikie.


12 Juni

Mwanangu,

Kwanza soma hili: mama yako yu hai. Amerudi nyumbani, amelala chumba cha mbele, anapumua vizuri, ameshaanza kunigombeza. Sasa kaa chini.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliangukia kwenye cherehani. Haikuwa kama zile za zamani, dakika mbili kisha anaomba maji. Hii ilikuja, haikuondoka, ikaja nyingine juu yake. Niliita majirani. Tulimbeba kwenye gari la shule ya udereva, lile lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na njia nzima mguu wangu ulikuwa unatafuta breki ya pili isiyo na mtu. Alilazwa siku tano. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo, umefungwa plasta. Daktari akaniuliza, "Alikuwa anameza dawa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Zote?"

Maswali yako matatu nayajibu sasa.

Pasi: alianguka Machi, anguko dogo, na pasi ikiwa mkononi. Nilikudanganya.

Boksi: hakuna boksi. Nilikwenda duka la kituoni Februari, siku mbili baada ya mzigo wako. Nilivaa shati la safari. Nilipotajiwa bei nikasema nilikuwa namuulizia rafiki. Nikanunua pamba ili nisitoke mikono mitupu. Hiyo pamba iko juu ya kabati, hakuna aliyejikata mpaka leo. Wanafunzi hawapo, mwanangu. Tangu Desemba nimefundisha wawili, na mmoja ni huyo mama wa mapipa. Tunalipwa kwa kichwa.

Hesabu: Februari nilikaa na vidonge vyako mia na ishirini, na siku tisini mbele yangu. Nikafikiri kama dereva, maana ndicho ninachojua. Sisi zamani, dizeli ikipungua na kituo kiko mbali, tukifika kileleni tunalitoa gari kwenye gia, linateremka lenyewe, injini haili kitu. Mafuta ya kilomita mia unayavuta yafike mia na hamsini. Nikasema, dada yangu naye ana siku za mlima na siku za mteremko. Siku akiamka mwepesi, anacheka, hana kichwa kinachouma, hiyo ni mteremko, kidonge cha jioni kibaki kwenye kopo. Siku ngumu anameza viwili. Nilikuwa namtazama usoni kila jioni naamua. Mimi. Mtu niliyeishia darasa la saba.

Na ninavyokuandikia hivi najua, maana nilijua hata wakati ule, kwamba waliokuwa wanateremka bila gia tuliwakuta chini kwenye korongo, matairi juu. Breki zinashika moto. Bosi wetu alikuwa anafukuza mtu kwa jambo hilo. Mimi lilinipendeza kwa sababu lilinisaidia nisikuandikie neno "sina."

Lipo moja zaidi, na ndilo baya. Alipouliza kwa nini cha jioni hapati, nilimwambia wewe ndiye umesema. Nilimwambia, "Binti yako ameandika, hivi vipya vina nguvu, siku nzuri kimoja kinatosha." Nilitumia jina lako.

Sina cha kuongeza. Vimebaki thelathini na nane, tarehe ya leo. Anameza viwili, mbele ya macho yangu.

Mjomba wako


16 Juni

Mjomba, shikamoo. Salamu nyingine sina.

Ulikuwa unamwangalia mama usoni na kuamua. Dawa ile haiangalii uso. Inafanya kazi siku nzuri ili siku nzuri iwepo. Ningekueleza kwa maneno mawili kama ungeuliza, na kuuliza ni bure, mjomba, ndicho kitu pekee dukani kwetu ambacho bado ni bure.

Kusema "sina" kungekupunguzia nini? Kimo?

Usilitumie tena jina langu kumnyima mama yangu kitu. Hilo nitalikumbuka muda mrefu. Sikufichi.

Nimeandika mpaka hapo, nikaweka kalamu, nikaenda kazini, nimerudi. Naendelea.

Mwezi wa kwanza, niliposoma "mwezi wa tatu niachie mimi," nilijua huna. Nakujua wewe. Ukisema umelisha matingo kumi na wanne najua walikuwa wawili na mlikula mihogo ya kuchoma. Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kuongezewa kodi, na nikaamua kukuamini, kwa sababu kukuamini kulikuwa rahisi kwangu kuliko kutokukuamini. Nikauliza "una uhakika?" kisha nikakimbilia kufunga mzigo kabla hujajibu. Tarehe ziangalie. Mwezi mzima sijapiga hata simu moja. Mimi ni muuza dawa wa miaka kumi na minne, nilipunguza dozi ya mama yangu kwa mkono wangu na nikaiita msaada wako.

Tangu Aprili nimehama. Nilikuwa na vyumba viwili, sasa nina kimoja, jikoni ni nyuma ya mlango. Sikutaka mjue.

Mzigo huu una vidonge mia na themanini, miezi mitatu kamili. Usiniulize nimevipataje. Kila Jumapili utavihesabu na kuniandikia idadi. Hadithi za barabarani usiandike mpaka nikwambie.

Mpwa wako


6 Julai

Mpwa wangu, vidonge ni mia na sabini leo Jumapili. Sawasawa na inavyotakiwa.

Kuanzia hapa kalamu ni yangu ila maneno ni ya mama yako. Amekaa mbele yangu na plasta yake, na kila mstari anataka nimsomee kabla sijaandika mwingine.

Mwanangu,

Barua zako zote nimezisoma juzi. Mjomba wako alizificha chini ya godoro lake, katika nyumba ambayo shuka natandika mimi. Mtu amevuka mipaka tisa hajui nani anatandika kitanda chake.

Sikuanza kujua juzi. Nilijua Februari, jioni ile ya kwanza aliponinyima kidonge akasema wewe umesema hivi ni vipya, vina nguvu. Nilikigeuza cha asubuhi nikakitazama mgongoni. Herufi zilezile. Nameza kidonge hicho tangu nina miaka kumi na mmoja, nakijua kuliko nilivyokuwa namjua baba yako. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilidhani kweli ni wewe. Nilisema, mtoto wangu ameshindwa, ameona aibu, amemtuma mjomba wake aseme uongo huu wa kitoto. Nisimwaibishe zaidi. Nikawa naamka nacheka kwa makusudi ili kaka yangu aone ni siku nzuri.

Kwa hiyo hata usoni aliposoma, alisoma nilichomwandikia.

Hapa mjomba wako ameacha kuandika ametoka nje. Amerudi. Anataka kuongeza maneno yake, nimemkatalia.

Tumenyamaza watu watatu, na aliyeanguka ni mmoja. Sitaki kulaumu, nimechoka, mkono unawasha ndani ya plasta na siwezi kuukuna. Nataka kitu kimoja tu. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia bei ya dawa yangu. Nilipokuwa mtoto aliijua kaka yangu. Nilipokuwa mtu mzima ameijua mtoto wangu. Nyinyi mnaipokezana juu ya kichwa changu kama wachukuzi wanaopitisha kabati mlangoni. Mimi najua bei ya uzi, ya zipu, ya kila kifungo kwenye sketi. Sijui bei ya kinachoniweka hai.

Daktari wa wodini aliniambia ipo dawa nyingine ya zamani, ya bei ndogo. Haihamiwi kwa siku moja, inataka wiki nyingi na kuonwa na daktari kila mara, na huenda ikanipa usingizi nikashindwa kushona. Ananingoja nimjibu. Nitajibuje jambo ambalo upande mmoja wake sijaonyeshwa?

Niandikie mimi. Usimwandikie mjomba wako, ataitia chumvi.

Mama yako

(Nimeandika yote kama alivyosema. Kilomita.)


15 Julai

Mama, shikamoo.

Mkono ukiwasha, gonga plasta taratibu kwa nje, lakini usiingize kitu ndani. Mimi ni mzima. Mwalimu wangu wa saa nne amerudi, alikuwa kwa mwanawe. Nilipomwona nilimpigia makofi, wateja wakanishangaa.

Umeuliza bei. Nakuandikia kwa hesabu yako, siyo yangu.

Sketi moja ya shule, ukitoa kitambaa, uzi, zipu na vifungo, ikabaki ile pesa yako ya mkono, mpaka mwezi uliopita ilikuwa inanunua siku moja: kidonge cha asubuhi, cha jioni, na chenji kidogo. Jumatatu hii wa jumla ameleta orodha mpya ya bei. Sasa sketi moja inanunua cha asubuhi, na cha jioni kinapelea. Kwa mwezi mzima ni sketi thelathini na tano. Wewe unajua ni miezi mingapi katika mwaka watu wanashona sketi thelathini na tano. Mimi nalipa kama nusu ya mshahara sasa, na vile mia na themanini nilivipata kwa kukopa mshahara wa miezi miwili ijayo kwa mwenye duka. Hayo ndiyo yote. Hakuna kingine nilichoficha, ila kwamba siku uliyoanguka mimi nilikuwa nimekaa nikinywa chai, na sikuhisi chochote.

Ile dawa ya zamani naijua. Ipo dukani kwetu, rafu ya chini. Inasaidia watu wengi na inawalaza wengi. Siwezi kukwambia uhame wala usihame, maana nikisema uhame sitajua kama nimesema kwa ajili yako au kwa ajili ya nusu ya mshahara wangu. Nimejipima kwa siku nne na bado sijui. Mwambie mjomba naye aseme anachofikiri, kwa sauti, ukiwepo. Namruhusu aanze na hadithi ya barabarani kama hawezi kuanza bila hiyo.

Nitakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, twende kwa daktari tukiwa watatu. Mpaka hapo fikiri utakavyo, mama, hakuna anayekuharakisha. Lakini wakati unafikiri, meza viwili.

Mwanao